Ubavuni kwa Mama Mkwe

Ngumbo, Jumapili 4 Mei 2025
Kwa Kibuni, kwenye sanduku la barua la gemu

Dogo, mambo vipi,

Nakuandikia humu ndani ya gemu kwa sababu nikianza kuchapa kule kwenye kundi, mtandao wa huku ziwani unakatika kabla sijafika nukta. Barua inangoja. Mtandao ukirudi inaondoka yenyewe, hata kama mimi niko mwaloni kwenye mitumbwi nakagua nyavu za watu.

Shida yangu ni hii. Cletus ameacha gemu, amekwenda chuo, na sisi hatuna tena mtu wa kusimama mbele. Wote wamenigeukia mimi. Mimi! Mpiga mishale, niliyezoea kukaa mbali, kuachia mshale na kuhama. Basi nimeanza mhusika mpya wa kupigana kwa karibu, na nimekwama pale pa kuchagua. Mfyekaji ana mapanga mawili na mbio, lakini akiguswa kidogo damu imekwisha. Wa mkuki yuko katikati, si huku si kule. Mlinzi ana ngao kubwa, anapigwa yeye ili wengine wasipigwe, na hatembei haraka. Jumatatu nilikuwa mfyekaji. Juzi nikawa wa mkuki. Leo asubuhi mlinzi, na sasa hivi ninapokuandikia nimerudi kwenye mapanga. Ukifika leveli ya thelathini unakula kiapo, na baada ya kiapo gemu linakuruhusu kubadili mara moja tu, tena pointi zote ulizojenga zinafutika. Aisee, nakiogopa kile kiapo kuliko bosi mwenyewe.

Wewe ndiye mganga wetu, na dawa yako haifiki mbali. Yeyote nitakayekuwa, nitasimama ubavuni kwako kila pambano. Kwa hiyo nishauri. Unacheza kwa utulivu mno kwa umri wako. Shule gani hiyo mnafundishwa hivyo?

Nisamehe kwa papara, sina raha siku hizi. Yule Jacqueline wa Mbinga mjini, aliyetuingiza wote kwenye kundi hili, ndiye ninayetaka kumuoa. Nimepeleka posa kwao kijijini Ruanda tangu mwezi wa pili, na mama yake mpaka leo hajatamka ndiyo wala hapana. Mwalimu mstaafu. Nasikia aliwahi kumrudisha mkaguzi wa shule mlangoni kwa sababu hakupiga hodi. Mtu wa namna hiyo mimi nitamweza wapi? Yule mama ni jiwe, dogo. Nakwambia jiwe.

Nijibu haraka, kabla sijabadilisha tena.

Mwamba (jina la nyumbani Rodrick)


Ruanda, 5 Mei 2025
Kwa Jacqueline, Mbinga mjini

Mwanangu,

Mguu unaendelea vizuri, ila plasta inawasha. Sikukuandikia kwa ajili ya mguu.

Nilipoteleza kwenye mashimo ya ngolo wakati wa kupanda maharage nikavunjika, uliniachia simu yako ya zamani na hili gemu, ukasema, "Mama, cheza, utaacha kugombana na kuku." Nimecheza. Nimelipenda, sikatai, maana kukaa kwenye kiti nikitazama shamba langu likiota majani kungeniua. Lakini hukuniambia kwamba huyu Mwamba ninayemtibu majeraha kila jioni ndiye Rodrick, bwana samaki wako wa Ngumbo, anayengoja jibu langu! Jana kaniandikia. Ananiita dogo. Anauliza nasoma shule gani. Kisha anasema mama yako ni jiwe.

Na yule mkaguzi sikumrudisha kwa sababu ya hodi. Nilimrudisha kwa sababu alikuja amelewa. Sahihisha hiyo habari popote ulipoisimulia.

Sasa wewe binti, ulijua au hukujua?

Mama yako,
Hildegardi


Mbinga mjini, 6 Mei 2025
Kwa Mama, Ruanda

Shikamoo Mama,

Nilijua. Pole. Usinigombeze mpaka umalize kusoma.

Rodrick akija nyumbani anakaa mlangoni anatazama sakafu kama mila inavyotaka kwa mkwe. Wewe unaongea na mshenga, mshenga anaongea na Mjomba Urban, na Mjomba ndiye anakuja kuniambia mimi umesemaje. Mama, utamjuaje mtu kwa njia hiyo? Unaniambia tu, "Hawa watumishi wa serikali wanaletwa, wanaondoka." Nikasema basi, acha wacheze wote, Mama amwone mtu alivyo wakati anapopigwa. Sikujua kwamba mtaanza kuandikiana barua!

Tafadhali mwambie wewe ni nani. Leo hii. Au acha kabisa kumjibu. Akiendelea kukufungulia moyo akidhani wewe ni mtoto wa sekondari, siku akijua atatamani kuzama ziwani kwa aibu, na mimi ndiye nitakayebaki nikiulizwa mchumba wangu kaenda wapi.

Mwanao,
Jacqueline

Habari ya mkaguzi na hodi anaisimulia Mjomba, si mimi.


Ruanda, 9 Mei 2025
Kwa Mwamba

Mwamba,

Habari za huko ziwani. Barua yako nimeisoma.

Chagua mlinzi. Nilikutazama sana ulipokuwa mpiga mishale. Hukosi shabaha, lakini hukai. Bosi akikohoa tu, wewe umeshahamia kilima kingine. Mapanga mawili yatakupa sababu ya kukimbia zaidi, na mimi si mtu wa kukufukuza huku na huko na kibuyu cha dawa mkononi.

Pointi za kwanza ziweke kwenye damu, wala si kwenye nguvu. Zinazofuata weka kwenye ngao. Halafu kuna kipaji kinaitwa Mzizi. Ukikiwasha hakuna kitu kinachoweza kukusukuma, ila nawe huwezi kuondoka hapo ulipo mpaka kiishe. Wachezaji wengi wanakidharau kwa sababu kinawafunga. Wewe kichukue. Nguvu ya kupiga iache mwisho kabisa, kupiga watapiga wenzako. Huku kwetu tukichimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, majani hulazwa kwanza, udongo ndio unafuata juu yake. Anayeanza na udongo, mvua moja tu inaushusha wote bondeni. Nawe mjenge huyo mtu wako kwa utaratibu, uache kupapatika.

Umri wangu usikusumbue.

Na huyo mama unayemwita jiwe, umewahi kujiuliza anangoja nini?

Kibuni


Ngumbo, Jumapili 18 Mei 2025
Kwa Kibuni

Dogo! Wee dogo wee!

Nimekula kiapo. Mlinzi. Nimefuata kila ulichosema, damu kwanza, ngao, kisha Mzizi, na nguvu ya kupiga ninayo kidogo mno, hata sungura wa gemu ananicheka. Lakini uliniona leo mchana pale darajani? Yale majitu yalipokuja niliwasha Mzizi nikakaa. Skrini nzima ikawa nyekundu. Kidole changu kilikuwa kinatafuta kitufe cha kukimbia chenyewe, nakikaripia, kinarudi. Na dawa yako ikawa inaingia tu, taratibu, kila nikikaribia kuisha. Wenzetu wakapita nyuma yangu wote salama. Sijawahi kukaa mahali pamoja nikipigwa namna ile maishani. Nilitoka jasho la kweli, mwenye nyumba wangu akaniuliza kama nina malaria.

Sasa lile swali lako. Yule mama anangoja nini, sijui. Nitakuambia ninachongoja mimi, ila usimwambie mtu, na hasa usimwambie Jacqueline. Nimeomba uhamisho. Kurudi kwetu Musoma. Nilijisemea, mama yule akinikataa, bora jibu linikute nimeshaondoka, kuliko kubaki hapa Ngumbo nikitazama milima ya kwao kila asubuhi. Ofisi haijajibu bado. Naingia kwenye kila kikao nikidhani ndiyo siku yenyewe, natoka sina jibu, nazunguka mwaloni mpaka wavuvi wananiuliza nimepoteza nini.

Na kama akikubali? Hapo ndipo kichwa kinapouma. Jacqueline hawezi kumwacha mama yake, ameshasema hivyo mara nyingi. Kila nikipiga simu nia ni kumwambia, najikuta namweleza habari za usipa, hawa dagaa wa huku, kwamba dagaa wetu wa Musoma ni wanene zaidi. Anacheka, tunaagana, nabaki na uhamisho wangu tumboni.

Wewe ni mtu wa kwanza kumwambia. Labda kwa sababu sikuoni.

Mwamba


Ruanda, 20 Mei 2025
Kwa Mwamba

Mwamba,

Nimeisoma barua yako asubuhi, nikaisoma tena mchana, na chai imepoa hapa mbele yangu.

Mwambie Jacqueline. Mwambie kabla ya pambano la Jumapili hii. Huyo mama anangoja kujua kitu kimoja tu, kama mtu aliyeletwa na kazi ataondoka na kazi. Wewe umeshalijibu swali lake, na hata binti mwenyewe hujamwambia.

Naandika kwa hasira. Nina sababu zangu.

Kibuni


Ruanda, 20 Mei 2025
Kwa Jacqueline

Mwanangu,

Umeuliza tunaendeleaje na Rodrick huko kwenye gemu. Tunaendelea. Anacheza vizuri siku hizi. Bado sijamwambia mimi ni nani, na tafadhali usinisukume.

Jipya hakuna. Urban ananiambia Ijumaa mshenga anamleta nyumbani tena. Njoo na sabuni ukija mwisho wa mwezi.

Mama yako


Ngumbo, Jumatatu 26 Mei 2025
Kwa Mama Hildegardi, Ruanda. Kwa mkono wa mshenga

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo.

Barua hii naiandika kwenye karatasi, naituma kwa mshenga, kwa sababu kule kwenye gemu sistahili tena kukuandikia.

Ijumaa nilipokuja nilikaa pale mlangoni nikainamisha uso kama inavyonipasa. Mjomba Urban alikuwa anaongea habari za mvua. Ndipo ikalia ile baragumu ya gemu ya kumwita mganga. Nikajiambia, kuna mtoto ndani anacheza. Kisha simu ikateleza kutoka mapajani pako ikaanguka sakafuni, hapohapo nilipokuwa nimekaza macho, kioo kikitazama juu. Nikamwona Kibuni amesimama na kibuyu chake cha dawa. Mama, mkwe hata kuiokota akupe mkononi haruhusiwi! Ikabidi niitazame tu, na Kibuni ananitazama, mpaka Mjomba alipomaliza mvua yake akaiokota. Sijui tuliagana vipi. Mshenga anasema niliaga mlango.

Nimekuita dogo. Nimekuita jiwe. Nimekuuliza unasoma shule gani. Jumamosi ilikuwa sabato yangu, nilisali siku nzima na sikupata amani.

Jumapili asubuhi nikafanya nililoweza. Mlinzi anasimama ubavuni kwa mganga, bega kwa bega, na mimi siwezi kusimama bega kwa bega na mama yake Jacqueline, hata kama ni ndani ya simu. Nikaitumia ile nafasi yangu moja ya kubadili. Nimerudi kuwa mpiga mishale, nikae mbali kwa heshima. Kila pointi imefutika na hairudi. Najua tumeshindwa vibaya na kundi zima linanitukana mpaka sasa. Wanitukane tu. Kuliko nikukosee adabu mara ya pili.

Kuhusu ule uhamisho, sijamwambia Jacqueline. Nilinyanyua simu, nikaishusha. Sijui hata nikuombe nini.

Mimi mwenye aibu,
Rodrick


Ruanda, 29 Mei 2025
Kwa Rodrick, Ngumbo

Baba Rodrick,

Marahaba.

Umeniudhi, na nitakuambia kwa nini, wala si kwa lile neno jiwe. Jiwe nimeitwa na wanafunzi wa vizazi vyote pale shuleni.

Jumapili pambanoni lile zimwi lilikuja moja kwa moja juu yangu. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Wewe ulikuwa kule ng'ambo ya bonde unatupa mishale kwa adabu. Nilikutupia dawa, haikufika. Nikafa wa kwanza, wakafuata wengine, ukabaki peke yako kilimani na heshima zako. Nani alikuambia heshima ni kuniacha niliwe?

Nisikilize. Mila ya mkwe naijua kuliko wewe, nimezaliwa nayo. Marehemu mume wangu hakuwahi kukaa meza moja na mama yangu, wala kumtazama usoni. Mwaka mmoja mto ulijaa tukitoka kanisani, maji kiunoni, na mama anaogopa. Mume wangu alimwinamia akambeba mgongoni, akamvusha, akamshusha ng'ambo, kisha akarudi kutazama chini kama kawaida yake. Hakuna mzee aliyesema amekosa adabu. Mama yangu alimtaja kwa hilo mpaka anakufa. Wewe umeona mto umejaa, ukasogea mbali ili usinikosee!

Na mimi nimekosa. Nilijua ni wewe, nikanyamaza, nikakuacha uongee. Nilitaka kukujua, lakini njia niliyoitumia haikuwa ya mtu mzima. Nisamehe, baba. Nimezoea kuwa upande wa anayesahihisha, hili linanipa tabu kuliandika.

Jibu langu nimempa Urban jana. Nimesema ndiyo. Siku ile ya darajani nilikuona ulivyokaa ukipigwa na wenzako wakapita, na Ijumaa nilikuona mlangoni ulivyotokwa na jasho. Mtu asiye na haya asingetoka jasho lile. Hata ukienda Musoma nadhani utakuwa mtu wa kurudi ukiitwa. Nadhani tu. Nikikosea, nitakuwa nimekosea nikiwa na macho yangu mwenyewe, si ya mshenga.

Lakini lile la uhamisho siwezi kulibeba tena. Nimemficha mtoto wangu, na kila akipiga simu naongea habari za sabuni. Kesho jioni anakuja kunitazama. Mpigie kabla hajafika, au atalisikia kwangu.

Mama yako,
Hildegardi


Mbinga mjini, 5 Juni 2025
Kwa Rodrick, Ngumbo. Nakala kwa Mama, Ruanda

Rodrick,

Simu yako niliipokea stendi. Ulisema kwa pumzi moja uhamisho, dogo, mishale, samahani, kisha mtandao ukakatika. Nikapanda kwenda Ruanda bila kuelewa hata nusu. Nilipofika, Mama naye akaanza yake kabla sijavua viatu. Nimengoja hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, naandika hivyo hivyo.

Siikasirikii Musoma. Musoma ni mji kama miji mingine, ningeweza hata kuupenda. Ningeweza kusema tunaenda na Mama, au tunangoja mguu wake upone, au wewe tangulia nitakuja. Kulikuwa na maneno mengi ya kuzungumza. Ila ulichagua kumwambia mtoto wa sekondari asiyekuwepo, mimi nikaambiwa habari za dagaa wanene. Nilicheka, Rodrick! Hilo ndilo linaniuma zaidi, kwamba nilicheka kweli.

Na wewe Mama, unaisoma hii, najua. Uliniandikia "jipya hakuna." Siku ileile uliyojua.

Mimi mwenyewe sijitoi kwenye lawama. Niliwakutanisha kwa ujanja, nikidhani Mama akishalainika mambo yote yamekwisha. Nami nilidhani jibu lililobaki ni la Mama. Jumapili nilikaa kanisani watu wakinipa hongera. Mjomba Urban ameshaanza kusema nani atapika na nani atakaribishwa. Kila mtu ana furaha. Nikatoka nje nikasimama karibu na baiskeli za watu, nikajiuliza nina nini.

Nimekuja kujua hapa ofisini, nikiandika. Posa yako imepita kwa mshenga, ikapita kwa Mjomba, ikakaa kwa Mama tangu mwezi wa pili, ikazungumzwa mpaka ndani ya gemu. Katika hao wote, na wewe ukiwemo, hakuna hata mmoja aliyekaa mbele yangu akasema, "Jacqueline, wewe unataka?" Uliniambia tu kwenye simu, "Nimemtuma mshenga," nikafurahi, na sikugundua kwamba sijaulizwa.

Kwa hiyo jibu la Mama unalo. Langu huna.

Njoo Mbinga, peke yako, bila mshenga. Kutazama sakafu ni kwa Mama, mimi utanitazama usoni. Njoo na huo uhamisho uniambie wote, tangu ulipouomba na kwa nini, kisha uniulize. Usije na jibu kichwani, kwa sababu mimi ninayetakiwa kulitoa bado sijui nitasema nini.

Jacqueline